Boga la Mbao Lenye Taa, na Randa ya Baba

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la shule nipate kusema neno juu ya kazi ya mikono. Nasema kwanza na wanafunzi wenzangu, kisha na walimu na wazazi wetu. Sisemi kama mtu aliye mjuzi. Nasema kama mtu aliyeaibika, kwani aliyeaibika hasahau somo lake.

Baba yangu ni seremala huko Muheza. Karakana yake ni banda la bati, lina meza moja, jiliwa moja, na harufu ya mbao za mtiki na mninga. Tangu nilipokuwa darasa la nne aliniita nijifunze kushika randa, nami kila mara nilipata udhuru: leo mtihani, kesho masomo ya ziada. Ukweli ni kwamba niliona haya kuonekana na vumbi la mbao kichwani. Nilidhani mtu husoma ili aepukane na msumeno.

Mwezi wa Agosti, 2023, nilikwenda Marekani, katika jimbo la Wisconsin, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nilikaa mwaka mmoja wa shule katika nyumba ya watu wema. Bwana mwenye nyumba ni mhasibu. Huko vijana huwaita wakubwa kwa majina yao matupu. Mimi nilishindwa, nikamwita Baba, naye akafurahi.

Ilipofika Oktoba, wakati sisi huku tunangojea mvua za vuli, kwao majani ya miti yaligeuka rangi, yakawa mekundu na ya manjano, kisha yakapukutika. Majira hayo wenyewe huyaita kwa neno lenye maana ya "kuanguka". Nuru nayo hupungua upesi sana. Mwanzoni mwa Novemba jua lilizama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Na ilipofika Jumapili ya kwanza ya mwezi huo saa zote zikarudishwa nyuma kwa saa moja, basi ikawa giza linaingia saa kumi na moja. Kwa mtu aliyezoea jua la Tanga, giza hilo huingia mpaka moyoni. Nilikuwa na upweke, wala sikumwambia mtu.

Ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa huko hupamba baraza zao kwa taa katika majira hayo. Pambo lao kubwa ni boga. Desturi ya kuchonga taa ilitoka Ireland na Scotland, ambako watu walitoboa mizizi ya tanipu na kutia mwanga ndani. Wahamiaji walipofika Marekani walikuta maboga, ambayo asili yake ni bara hilo hilo, nayo ni makubwa na rahisi kuchonga. Lakini boga lililochongwa huoza upesi. Kwa hiyo watu wengine hutengeneza maboga ya mbao, huyaweka barazani tangu Septemba mpaka sikukuu ya Shukrani, ambayo ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kisha huyahifadhi mpaka mwaka unaofuata.

Jumamosi moja mwenyeji wangu aliniita katika banda la kuwekea gari. Nilistaajabu. Mhasibu huyu alikuwa amevaa aproni, ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, na jirani zake wakipita walisimama kumsifu. Akaniambia, "Baba yako ni seremala. Basi leo wewe ndiwe mwalimu wangu." Akanipa randa.

Ndugu zangu, sikujua hata kuishika. Niliisukuma kinyume cha nyuzi za mbao, ikakwaruza na kung'oa vipande. Yule bwana hakucheka. Alinitazama tu, kisha akauliza polepole, "Hakukufundisha?" Sikuweza kujibu. Baba yangu hakukosa kunifundisha. Mimi ndiye niliyekataa kufundishwa.

Nitaeleza tulivyofanya, kwani huenda mmoja wenu akapenda kujaribu. Tulichukua mbao za paleti, yale majukwaa ambayo mizigo hupangwa juu yake, zilizokwisha kutupwa. Kwanza tulitazama muhuri wake. Herufi HT maana yake mbao zimeuawa wadudu kwa joto, hizo zafaa. Herufi MB maana yake zimetiwa dawa ya sumu iitwayo methili bromidi. Hizo haifai kuzikata wala kuzichoma nyumbani. Tulipanga mbao tano ubavu kwa ubavu, tukazifunga kwa nyuma kwa mataruma mawili, gundi na skrubu. Tukachora umbo la boga kwa penseli, tukakata pembe, tukapiga msasa. Kikonyo chake kilikuwa kipande cha tawi lililoanguka.

Kisha tukatoboa matundu 20 kufuata mchoro, kila tundu likitosha kupitisha taa moja ndogo ya LED kutoka nyuma. Hapo niliharibu tena: nilitoboa karibu mno na mwisho wa ubao, nao ukapasuka. Ufa ule tuliuziba kwa gundi, ukabaki unaonekana. Mwishoni tulipaka rangi ya machungwa, tukaingiza taa, na kisanduku cha betri tukakifunga mgongoni. Betri zilikuwa tatu, kila moja volti 1.5, jumla volti 4.5. Taa za namna hii hazitoi joto kubwa kama mshumaa au balbu za zamani, ndiyo sababu zaweza kukaa ndani ya mbao. Lakini mshumaa haufai hata kidogo.

Jioni ile tuliliweka boga barazani na kuziwasha. Mwanga wake haukuwa mkubwa. Lakini nilipotoka shuleni siku zilizofuata, katika lile giza la mapema, niliuona tangu mwanzo wa njia, nikajua nyumba ninayokwenda ni ipi.

Sasa nafika kwenye maoni yangu. Mapambo kama yale huuzwa madukani, na nitasema kweli: ukihesabu saa tulizotumia, la dukani lilikuwa rahisi kuliko letu. Basi mtu ataniuliza, faida ni nini? Najibu kwamba kitu cha kununua hukupa kitu tu, lakini kitu ulichotengeneza hukupa na macho. Tangu siku ile siwezi kupita mbele ya mlango bila kutazama viungo vyake. Najua sasa kwamba kiungo kilichokaa sawasawa ni hesabu, ni subira, na ni miaka ya mtu.

Najua pia pingamizi nyingine, nayo ni nzito zaidi. Yule mhasibu alitengeneza boga kwa kujifurahisha. Mshahara wake watoka kwingine. Baba yangu hutengeneza vitanda ili tule. Ni rahisi kusifu useremala wa Jumamosi na kumdharau seremala wa Jumatatu. Hata mimi ilinibidi nivuke bahari ili niione kazi ya nyumbani kwetu ikiheshimiwa, na hilo lenyewe ni aibu. Kwa hiyo heshima ninayoitaka si ya maneno matupu. Tumwite fundi kwa adabu, tumlipe kwa wakati, tusimpunguzie bei kana kwamba mikono yake ameiokota njiani.

Wazazi wengine watauliza kama maboga yale si mambo ya mizimu. Ni kweli kwamba usiku wa tarehe 31 Oktoba watoto wa huko huvaa sura za kutisha. Letu halikuwa na uso wala pembe. Lilikuwa pambo la mavuno. Wala sisemi kwamba sisi tutengeneze maboga, kwani hapa hatuna majira yale wala giza la saa kumi na moja. Ninachotaka tuige ni mkono, si boga.

Katika shule yetu kila mwaka siku ya mahafali hukodiwa taa na kununuliwa maua ya plastiki kwa michango ya wazazi, na wiki ifuatayo maua yako jalalani. Nyuma ya bwalo mna madawati mabovu ambayo mbao zake bado ni nzima. Naomba uongozi wa shule uturuhusu Kidato cha Tano tutengeneze mapambo ya mahafali yajayo kwa mbao hizo, tukisimamiwa na fundi anayelipwa haki yake. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akatuonya tusiwe watu wenye kudharau kazi ya mikono kwa sababu ya vitabu. Tunalikariri jambo hilo katika mitihani. Yafaa tulitende.

Niliporudi nyumbani Juni, 2024, nilimwonyesha Baba picha ya boga lile. Akacheka, akauliza kama linaliwa. Kisha akaisogeza picha karibu na macho, akaweka kidole juu ya ubao wa pembeni. "Hapa," akasema, "ulitoboa karibu na mwisho. Ungetangulia na tundu dogo." Sikuwa nimemwambia habari ya ufa.

Nikamwomba anifundishe. Hakusema neno juu ya miaka iliyopita. Alifuta randa kwa kitambaa, akanipa, akageuza ubao ili nyuzi zake zielekee ninakosukumia.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tano