Aliyebaki Naye Aulizwe

Mtumishi akiacha kazi, maofisa utumishi huitana kuulizana kulikoni. Anayebaki haulizwi; miaka yake kazini huchukuliwa kuwa ushahidi tosha kwamba ameridhika. Makala hii inaipinga hesabu hiyo. Mwaka 1973 Vincent Flowers na Charles Hughes waliandika katika Harvard Business Review kwamba wapo wanaobaki kwa kuipenda kazi, na wapo wanaobaki kwa sababu mambo ya nje ya kazi yamewabana. Kwetu Tanzania mbano huo unasomeka kwenye hati ya mshahara. Chukua ya mwalimu wa sekondari ya serikali: mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, bodi ya mikopo asilimia 15 kama alikopa chuoni, kisha rejesho la benki, lililopigiwa hesabu ili abakiwe na ile theluthi ya mshahara inayolindwa na sheria. Pensheni ya kila mwezi nayo inadai michango ya miezi 180. Ana miaka kumi na miwili kazini, nyumba yake imefika kwenye lenta. Ataondokaje?

Anayesema dawa ni mshahara ana hoja nzito. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Ford cha Highland Park, Michigan, kiwango cha wafanyakazi kuondoka kilifika asilimia 370. Januari 1914 Henry Ford alitangaza dola 5 kwa siku, takriban maradufu ya malipo ya awali, na saa za kazi zikapungua kutoka tisa hadi nane. Mwaka huo kiwango kikashuka hadi asilimia 54. Silipuuzi hilo, kwani ujira duni ni dhuluma. Lakini kazi yenyewe ilibaki ileile, mtu na bolti yake kutwa nzima. Dola zile zilimrudisha kazini kesho yake. Moyo wake ni habari nyingine.

Wapo watakaosema, ilimradi vipindi vinafundishwa, sababu ya kubaki ni ya mwalimu mwenyewe. Vipindi vinaweza kufundishwa vyote na madaftari yasisahihishwe, na anayeumia ni mtoto. Tena mengi yanayomfanya mtu abaki kwa moyo yamo mikononi mwa ofisi: kupandishwa daraja kwa wakati, malimbikizo kulipwa, barua ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza kujibiwa, hata kama jibu ni hapana.

Maofisa utumishi, kabla ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30, waiteni waliobaki muwaulize kwa nini wamebaki, na majibu yao yasitumiwe kuwaadhibu.