Ni Farasi Yupi Aliyepita Wote kwa Mbio?

Wapendao mbio za farasi hupatana katika mambo mengi, lakini liko swali moja ambalo likitajwa mezani huwafanya marafiki wainue sauti: katika farasi wote waliopata kukimbia, aliyewapita wenziwe ni yupi? Mwingereza atamtaja Frankel. Mwamerika atasema Man o' War, na mwanawe atambishia kwamba ni Secretariat. Mtu wa Australia hatakubali jina lingine ila Phar Lap, na Mhungari atawangoja wote wamalize, kisha atamtaja farasi jike wa nchi yake, Kincsem, ambaye hakushindwa hata mara moja. Kila mmoja ana hesabu yake, na hesabu zote ni za kweli. Taabu ni kwamba hazihesabu kitu kimoja.

Ubishi huu si wa kulinganisha ng'ombe na punda, maana farasi hawa wote ni wa ukoo mmoja. Mkulima afugaye ng'ombe wa gredi ajua faida ya kuandika majina ya mafahali na mitamba katika kitabu, ili damu ijulikane ilikotoka. Kitabu cha ukoo wa farasi wa mbio kilichapwa Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1791, na upande wa baba farasi hao wote huhesabiwa kutoka kwa madume 3 tu yaliyoletwa kutoka nchi za Mashariki na Afrika ya Kaskazini. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo katika nchi ya Shamu, akafika Uingereza mwaka 1704. Basi Frankel na Phar Lap ni ndugu, ijapokuwa ni wa mbali, na ndugu waweza kulinganishwa.

Watu wengi huanza kwa kuhesabu ushindi, kwa kuwa ndiyo njia nyepesi. Eclipse, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1764 siku jua lilipopatwa, ndiyo maana akapewa jina hilo, alikimbia mara 18 akashinda zote. Kincsem alikimbia mara 54 kati ya mwaka 1876 na 1879, akashinda mara 54. Alichukuliwa kwa gari la moshi kutoka Hungaria hata Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, na husimuliwa kwamba hakukubali kusafiri bila paka wake. Mara moja tu, huko Baden-Baden mwaka 1878, alifika sawasawa na mwenziwe. Wakaambiwa wakimbie tena siku ile ile, akamwacha nyuma. Ikiwa hesabu ya ushindi ndiyo hukumu, basi mambo yamekwisha, taji ni lake, na wengine waende nyumbani.

Lakini mtu mwenye akili hatakubali upesi hivyo. Asiyeshindwa huenda ndiye bora kabisa, tena huenda hakupata kukutana na wa kumshinda. Eclipse aliogopwa hata mara kadhaa wenye farasi wengine waliwaondoa farasi wao, naye akazunguka uwanja peke yake kwa mwendo wa matembezi, na hilo nalo likaandikwa kuwa ushindi. Karani ye yote ajua kwamba mstari mmoja katika daftari hauelezi jinsi kazi ilivyofanywa.

Wengine hutegemea saa, na hao ndio watu wa Secretariat. Tarehe 9 Juni 1973, katika mashindano ya Belmont karibu na New York, farasi huyo mwekundu alikimbia maili moja na nusu kwa dakika 2 na sekunde 24. Kabla ya siku hiyo alikuwa ameshinda mashindano mawili makubwa mengine ya mwaka ule, na hakuna farasi aliyekuwa ameyapata yote matatu tangu Citation mwaka 1948. Walikimbia farasi watano tu. Mpinzani wake mkubwa, Sham, alijaribu kwenda naye bega kwa bega mwanzoni, nguvu zikamwishia, akamaliza wa mwisho. Secretariat aliendelea peke yake, kila hatua akizidi kuwaacha, hata alipofika mwisho alikuwa ametangulia kwa urefu wa farasi 31. Hata leo hakuna aliyeupunguza muda huo katika mashindano ya Belmont. Saisi wake, Eddie Sweat, mtu mweusi kutoka South Carolina, ndiye aliyekuwa akilala karibu naye na kumjua kuliko mwenye farasi mwenyewe.

Hata hivyo saa nayo ina udhaifu. Uwanja wa udongo mkavu haufanani na uwanja wa majani yaliyonyeshewa, na uwanja wa mwaka 1973 haukuwa kama wa mwaka 1873. Zaidi ya hayo, Secretariat huyo huyo alishindwa mara 5 katika mbio 21, na mmoja wa waliomshinda katika mwaka wake wa fahari aliitwa Onion, yaani Kitunguu. Saa yaonyesha jinsi farasi alivyokuwa siku moja alipokuwa mzima na furahani. Siku nyingine zake haizionyeshi.

Iko mizani ya tatu, ambayo watu wasiozoea mbio za farasi hawaifahamu, nayo ndiyo yenye haki kuliko nyingine. Katika mashindano ya namna fulani, farasi hawapewi mzigo sawa. Yuko mtu aliyewekwa kupanga uzito: farasi anayejulikana kuwa hodari hutiliwa vipande vya risasi katika tandiko, na aliye dhaifu hupewa mzigo mwepesi, makusudi wote wafike pamoja. Anayezidi kushinda huzidi kutwishwa. Hapo ndipo farasi mkubwa hujulikana, kwa maana sheria yenyewe imekusudia kumshinda.

Mtazame Man o' War kwa mizani hiyo. Alizaliwa Kentucky mwaka 1917, akanunuliwa kwa dola 5,000 na Samuel Riddle, akakimbia mara 21, akashinda 20. Siku aliyoshindwa, mwezi wa Agosti 1919 huko Saratoga, alikuwa bado mtoto wa miaka miwili, naye amebeba ratili 130. Aliyemshinda, Upset, alibeba 115, tena Man o' War alianza vibaya na kuzibiwa njia. Kushindwa huko, ukikupima kwa ratili, kwamtukuza kuliko baadhi ya ushindi wake. Mwaka uliofuata alibeba ratili 138 akashinda. Kisha Riddle akamwuliza mpangaji wa uzito, Walter Vosburgh, angemtwika kiasi gani akiwa na miaka minne. Akajibiwa kwamba utakuwa mzigo mkubwa kuliko wo wote aliopata kupangiwa farasi. Riddle akamwondoa uwanjani mara moja, akampeleka malishoni kuzalisha. Kwa mfugaji ilikuwa busara, kwani farasi aliyevunjika mguu hana thamani. Kwa ubishi wetu ni hasara, maana swali liliulizwa na jibu halikutolewa. Maelfu ya watu walikwenda kumtazama huko Kentucky, na saisi wake mweusi, Will Harbut, aliwasimulia wageni habari zake kwa miaka mingi hata umashuhuri wake ukakaribia wa farasi. Harbut alifariki mwezi wa Oktoba 1947, na Man o' War akamfuata kabla mwezi haujatimia.

Na Frankel je? Kati ya mwaka 2010 na 2012 alikimbia mara 14, akashinda zote, na wengi wa watazamaji walioona alivyowaacha wenziwe katika mashindano ya Guineas ya mwaka 2011 waliapa kwamba hawajaona mfano wake. Waamuzi wa kimataifa walimpa alama 140. Lakini palikuwa na kizuizi: Dancing Brave wa mwaka 1986 alikuwa amekwisha kupewa 141. Mnamo Januari 2013 waamuzi hao walitangaza kwamba alama za zamani zilikuwa zimetolewa kwa ukarimu mno; wakazipunguza, Dancing Brave akashuka hadi 138, na Frankel akabaki juu. Huenda walisema kweli, na sababu zao walizieleza. Lakini si rahisi kumlaumu anayetabasamu akiona kipimo kikirekebishwa baada ya nguo kwisha kushonwa. Frankel hakupata kutoka Uingereza, wala hakukimbia zaidi ya maili moja na robo na kidogo. Habari ya mzigo haimhusu sana, na hilo si kosa lake, kwa kuwa siku hizi mashindano makubwa ya Ulaya hukimbiwa kwa uzito ulio karibu sawa.

Amebaki Phar Lap, na kwa mizani ya mzigo yeye ndiye wa kwanza. Alizaliwa New Zealand mwaka 1926, akauzwa mnadani kwa gini 160, na mwenye fedha, Mwamerika aitwaye David Davis, alipomwona alivyo mwembamba na mwenye sura mbaya alikasirika, akakataa kulipa gharama za kumfundisha. Mwalimu wake, Harry Telford, akamkodi kwa miaka 3. Mbio ya kwanza alimaliza wa mwisho. Lakini mwaka 1930 watu walikuwa wakimwogopa hata wakajaribu kumpiga risasi njiani siku tatu kabla ya Kombe la Melbourne. Alinusurika, akashinda mbio nyingine siku hiyo hiyo, na Jumanne akalitwaa Kombe akiwa amebeba ratili 138 kwa maili mbili.

Mwaka 1931 walimtwika ratili 150. White Nose, aliyeshinda siku hiyo, alibeba 96. Maana yake Phar Lap alipewa ratili 54 zaidi, karibu robo ya gunia la mahindi, naye akafika wa nane. Wasomao daftari kwa juu juu huiandika siku hiyo kuwa aibu. Lakini ni farasi gani mwingine katika habari hii aliyepata kujibu swali ambalo Riddle alilikimbia? Yeye alipelekwa mbele ya mzigo ule, akaubeba hadi mwisho.

Atakayepinga atasema kwamba farasi wa Australia wa siku hizo hawakuwa wakali. Jibu lilipatikana Mexico. Phar Lap alisafirishwa kwa meli kuvuka bahari kubwa, akapasuka ukwato kabla ya mashindano, na tarehe 20 Machi 1932 huko Agua Caliente akakimbia juu ya udongo, uwanja wa namna asiyoizoea, mbele ya farasi asiowajua. Akashinda, tena akavunja rekodi ya uwanja ule. Siku 16 baadaye alikufa California mikononi mwa saisi wake Tommy Woodcock. Uchunguzi wa nywele zake uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha sumu nyingi ya aseniki, ingawa wako wabishanao mpaka leo kama alitiliwa na adui au alipewa katika dawa.

Basi Secretariat na awe wa kwanza kwa siku moja, Kincsem kwa daftari, na Phar Lap kwa yote aliyotwishwa. Ngozi yake imo Melbourne, mifupa imo Wellington, na moyo wake wenye uzito wa ratili karibu 14 umo Canberra, ambako wageni huomba kuonyeshwa kabla ya vitu vingine.