Saa za Dukani Hulipwa na Nani?

Ndugu msomaji, Jumapili hii tuzungumze juu ya mali moja ambayo mwenye duka dogo aghalabu haiandiki katika daftari lake. Sukari huipima, mchele huupima, mafuta ya kula huyapima. Saa zake humwagika bila kipimo.

Namfahamu bwana mmoja mwenye duka la rejareja huko Tandika, wilaya ya Temeke, duka la aina ile ambayo watoto wa mtaani huiita “kwa Mangi”. Hufungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 4 usiku. Mkewe ni mfanyakazi wa kiwanda huko Chang’ombe, naye huingia kazini kwa zamu. Bwana huyu alikuwa akienda Kariakoo mara nne kwa wiki: leo ameishiwa sabuni, kesho majani ya chai, keshokutwa viberiti. Kila safari ilimla saa tano, ukihesabu kungoja daladala, foleni ya magari na kupatana bei katika maduka ya jumla.

Nilipomwuliza kwa nini asinunue vyote kwa safari moja, alinijibu, “Ndugu yangu, mfanyabiashara hapumziki.” Jibu lile lilinipendeza. Lakini baada ya siku chache, yapata saa 4 asubuhi, nilikwenda kununua mkate nikamkuta binti yake wa darasa la sita ndiye anayeuza, naye amevaa sare ya shule.

“Shikamoo. Baba amekwenda Kariakoo, na mama yuko zamu ya asubuhi,” akaniambia.

Daftari lake la hesabu lilikuwa wazi juu ya gunia la mchele. Chini ya zoezi la sehemu alikuwa ameandika majina ya wateja waliokopa.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba muda uliopotea Kariakoo haukuwa wa baba peke yake. Mtoto ndiye aliyekuwa akiulipa, ilhali Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamlazimu mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi kuhudhuria masomo.

Usiku ule tulikaa watatu, mimi, bwana huyo na mkewe, tukapiga hesabu. Safari nne za saa tano ni saa 20 kwa wiki, yaani saa 80 kwa wiki nne. Duka hufunguliwa saa 16 kwa siku. Kumbe katika kila wiki nne mwenye duka alikuwa nje ya duka lake siku tano nzima! Mkewe akasema, “Mimi nikikosa kazini siku tano bila ruhusa, kazi sina.” Bwana akanyamaza.

Tiba waliyoipata si ngeni. Kwanza, kwa wiki moja aliandika kila alichouza na saa aliyokiuza. Akaona kwamba wateja hujaa kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kisha kuanzia saa 11 jioni. Mchana huwa wachache. Pili, alipatana na wenye maduka wawili wa mtaa wa pili. Kila mmoja huenda Kariakoo mara moja tu kwa wiki, mchana, akiwa na orodha za wote watatu, na gharama ya kubeba mizigo hugawanywa. Yeye huchagua siku ambayo mkewe hayuko zamu ya mchana. Tatu, huuliza bei kwa simu kabla ya kutoka. Fedha za wenziwe huandikwa na kutiwa sahihi, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Wazee wetu wa Kinondoni na Temeke wanakumbuka walivyosimama vituoni wakingoja mabasi ya UDA katika miaka ya 1970. Daladala ziliruhusiwa mwaka 1983, fedha kwa simu zikaja mwaka 2008, mwendokasi mwaka 2016. Mwezi Februari 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24 huko Kariakoo. Yote hayo ni mema. Hata hivyo, soko likikesha, mwenye duka bado ana mwili mmoja, na watoto wake bado wanakua mara moja tu.

Juma lililopita nilipita tena saa 4 asubuhi. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwapo, na madeni ya wateja yamehamia katika daftari la dukani.

Basi, ndugu mwenye duka, genge au karakana, leo ukisha kufunga, keti na mwenzio mhesabu saa zenu kama mnavyohesabu fedha. Mkikuta saa zilizopotea, ulizaneni ni nani nyumbani mwenu anayezilipa.

Hadi Jumapili ijayo.