Baiskeli Katika Njia ya Farasi

Kusini mwa Uingereza, baina ya mji wa kale wa Winchester na mji wa Eastbourne ulio ukingoni mwa bahari, iko njia ya udongo mweupe yenye urefu wa kilomita 160. Wenyewe huiita South Downs Way. Njia hiyo haifuati barabara za lami, bali imepanda juu ya mgongo wa vilima na kuufuata kuelekea mashariki. Mkono wa kushoto wa msafiri yapo mashamba, misitu na vijiji. Mkono wa kulia, mbali kidogo, iko bahari. Humo hupita waendao kwa miguu, wapanda farasi, na siku hizi wapanda baiskeli kwa wingi sana. Hao wa mwisho ndio wenye kisa, kwa maana njia hiyo haikutengenezwa kwa ajili yao, na hata leo sheria inawahesabu kama wageni waliokaribishwa barazani.

Vilima vyenyewe ni vya upole. Butser, kilicho kirefu kuliko vyote njiani, hakifiki meta 300 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyelelewa katika nchi ya milima halisi akikiona pichani atacheka. Asicheke upesi. Mgongo huo umekatwa na mabonde ya mito, ikiwamo Arun, Adur, Ouse na Cuckmere, na kila mto humlazimisha mpanda baiskeli kuteremka hadi chini kabisa, kisha aanze kupanda upya. Aliyetoka Winchester akafika Eastbourne huwa amepanda jumla ya zaidi ya meta 3,500. Wako mashujaa wanaoimaliza safari kwa siku moja, lakini watu wenye busara huigawa kwa siku mbili au tatu, wakalala vijijini.

Udongo wa mahali hapo nao una tabia zake. Vilima vyote ni vya chaki, jiwe laini jeupe lililotokana na magamba ya viumbe wadogo mno wa baharini waliokufa na kurundikana mamilioni ya miaka iliyopita. Maji ya mvua hayakai juu ya chaki; huzama mara moja. Kwa sababu hiyo watu wa zamani walipendelea kusafiri juu ya mgongo badala ya bondeni kwenye matope, na kwa sababu hiyo hiyo mgongoni hakuna kijito wala chemchemi. Wachungaji walilazimika kuchimba mabwawa madogo na kuyasiriba kwa udongo wa mfinyanzi ili kondoo wapate kunywa, na baadhi yake yangalipo. Mpanda baiskeli leo hutegemea mabomba machache yaliyowekwa njiani, naye asipojaza chupa zake kila alionapo bomba atajuta kabla ya adhuhuri. Tena, ndani ya chaki yamo mawe ya gumegume, yale ambayo watu wa kale waliyachonga wakapata visu na mashoka. Makali yake hayajaisha. Tairi huchanwa kama kwa wembe, na msafiri asiyechukua tyubu ya akiba, viraka na pampu huimaliza safari yake akiikokota baiskeli. Chaki ikilowa huteleza kama sabuni. Ndiyo maana wazoefu huchagua siku kavu, tangu Mei hadi Septemba.

Basi baiskeli ilifikaje huko? Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri za Uingereza zichore katika ramani njia zote ambazo umma una haki ya kuzipita, hata kama ardhi ni mali ya mtu binafsi. Njia hizo zikagawanywa kwa daraja: zipo za waendao kwa miguu tu, zipo za farasi, zipo za magari. Baiskeli ilikosa kwake. Haikuwa miguu, haikuwa farasi, na ingawa iliruhusiwa katika njia za magari, hizo zilikuwa chache mashambani. Lakini tangu mwaka 1955 kilikuwapo chama cha watu waliopenda kupita na baiskeli zao katika vijia vya mawe na matope, wakiibeba begani palipokuwa hapapitiki. Mwaka 1968 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya mashamba na vijiji, na kifungu chake cha 30 kikasema kwamba mpanda baiskeli anaruhusiwa kutumia njia ya farasi, kwa sharti kwamba awapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi.

Ni haki iliyopimwa kwa kibaba. Kifungu hicho hicho kilitamka kwamba hakuna anayelazimishwa kuitengeneza njia ili imfae mwenye baiskeli. Ana ruhusa ya kupita. Akikuta shimo, ni lake. Hata hivyo ilikuwa haki, na South Downs Way ilipofunguliwa rasmi mwaka 1972 ikiwa njia ya kwanza ya masafa marefu iliyokubali farasi, baiskeli nayo iliingia humo bila kuomba. Wakati huo njia iliishia karibu na mpaka wa mkoa wa Hampshire. Baadaye ndipo iliporefushwa hadi Winchester. Mwaka 2010 vilima vyote hivyo vikawekwa chini ya mamlaka ya hifadhi ya taifa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba sheria ilitangulia chombo. Mwaka 1968 baiskeli ya milimani haikuwapo duniani. Ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1970, pale vijana wa jimbo la California walipochukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene na kushindana kuteremka katika mlima wa Tamalpais na vilima jirani, breki zikichemka hata mafuta yakaungua ndani yake. Mwaka 1981 kampuni moja ya huko ikaanza kuziuza zilizoundwa kiwandani kwa wingi, na katika miaka iliyofuata zikavuka bahari. Uingereza, nchi iliyowahi kuijaza Afrika Mashariki kwa baiskeli nyeusi za Raleigh kutoka Nottingham, ikawa sasa inajifunza baiskeli upya kutoka kwa wengine. Baiskeli hiyo mpya ina usukani mpana, gia nyingi za kupandia, tairi lenye meno na breki zisizoogopa matope. Wale waliokuwa wachache wakibeba baiskeli begani wakageuka kuwa umati.

Askari polisi atapenda kujua mambo yakoje mtu akikosea. Njia za waendao kwa miguu ni kiasi cha robo tatu ya njia zote za umma mashambani, na humo baiskeli haina haki. Anayeiendesha humo, kwa kawaida hatendi kosa la jinai; amemkosea mwenye ardhi, naye mwenye ardhi aweza kumwambia atoke au kumpeleka katika mahakama ya madai. Ili pasiwe na kisingizio, vibao vina rangi: mshale wa manjano ni wa miguu, wa buluu ni wa farasi na baiskeli. Katika ramani za serikali vilevile, nukta ndefu za kijani ni njia ya farasi, na fupi ni ya miguu. Asiyeweza kutofautisha nukta hizo asiende peke yake.

Huko Uskochi, jirani zao wa kaskazini, sheria ya mwaka 2003 iliwapa watu ruhusa ya kupita karibu kila mahali mashambani, kwa miguu, kwa farasi au kwa baiskeli, maadamu wanatumia haki hiyo kwa uangalifu. Wapanda baiskeli wengi wa Uingereza huitazama ruhusa hiyo kwa wivu. Wakulima wa kusini nao wana hoja yao: mashamba yao ni madogo, watu ni wengi, na lango moja lililoachwa wazi latosha kuwachanganya kondoo wa mashamba mawili. Hoja zote mbili zina uzito, ingawa ni vigumu kuelewa kwa nini kijia kipana cha udongo mgumu kikatazwe kwa sababu tu kwamba yule aliyekichora katika ramani zamani hakuona farasi akipita. Baiskeli zenye mota ndogo ya umeme zimeongeza mjadala. Sheria inazihesabu kuwa baiskeli za kawaida ikiwa nguvu ya mota haizidi wati 250, mota inamsaidia tu anayekanyaga pedali, na inaacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Kwa hiyo wazee ambao magoti yao yalikwisha kustaafu wameonekana tena juu ya vilima.

Kwa wanajeshi, vilima hivyo si vigeni katika historia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viligeuzwa viwanja vya mazoezi. Katika kilima kiitwacho Old Winchester Hill askari walijifunza kufyatua makombora ya mota, na vibao vingali vikiwaonya wapitaji wasiache njia kwa kuwa huenda mengine yamebaki ardhini bila kulipuka. Magharibi zaidi, katika nyanda za Salisbury, jeshi bado linafanya mazoezi. Kijiji cha Imber kilihamishwa watu wake mwaka 1943, nao hawakurudishwa tena kuishi humo. Kuzunguka eneo hilo ipo njia ya kilomita zipatazo 48 ipendwayo na wapanda baiskeli. Bendera nyekundu zikipandishwa, hakuna anayethubutu kuvuka mpaka.

Mwenye familia hana haja ya kuanza na kilomita 160. Karibu na kijiji cha Bramber njia ya vilima inakutana na nyingine iitwayo Downs Link, ya kilomita 59, itokayo karibu na Guildford hadi Shoreham pwani. Hiyo imepita mahali palipokuwa na reli zilizofungwa katika miaka ya 1960, na kwa kuwa garimoshi halipendi mwinuko, mtoto wa miaka minane aweza kuiendesha bila kulia. Mama akifunga mkate, mayai ya kuchemsha, matunda na maji ya kutosha, pamoja na koti la mvua kwa kila mmoja hata jua likiwaka, matembezi ya siku yametimia. Breki zikaguliwe nyumbani, si mtelemkoni.

Adabu za njiani hujifunzwa upesi. Akimwona farasi mbele yake, mpanda baiskeli hupunguza mwendo na kutoa sauti ya kibinadamu, salamu tu, kwa sababu kengele au mlio wa breki humshtua mnyama. Hupita mbali, polepole, au husimama kabisa. Lango lililofungwa hufungwa tena. Majira ya kondoo kuzaa, mbwa hafunguliwi.

Kifungu cha 30 huonekana waziwazi mwishoni mwa safari. Katika kijiji cha Alfriston njia inagawanyika. Waendao kwa miguu hufuata mto Cuckmere hadi baharini, wakapita juu ya magenge meupe ya Seven Sisters na Beachy Head, mandhari ambayo watu huvuka nchi kuja kuitazama. Farasi na baiskeli huelekezwa bara, juu ya kilima cha Windover, kupitia kijiji cha Jevington, hadi Eastbourne. Mwenye baiskeli anayetaka kuyaona magenge huifunga baiskeli yake kijijini, akavaa viatu vya kutembelea, akaenda kwa miguu kama wengine.