Reli ya Samba ikilala, nani analipa?

Huku Wamaza ukitaja treni, vijana wengi wanaona ni hadithi ya babu. Lakini reli iko, pale ng'ambo ya Lualaba: inatoka Kongolo, inapita Samba, inafika Kindu. Haikung'olewa. Inalala tu, na treni ni za kuhesabu. Sisi wa sendika tunasema hivi: usingizi wake tunaulipa sisi, kila kilo ya kasiterite.

Tukumbuke ilitoka wapi. Kampuni ya CFL, ya Mbelgiji Empain, ilianzishwa 1902. Kati ya Kongolo na Kindu mto una maporomoko, meli haipiti, ndiyo sababu wakaweka reli ya kilometa 355. Ilimalizika 1910, kwa jasho la wazee wetu, wengi wakilazimishwa. Mwaka 1915 reli ingine ikafika ziwa Tanganyika, pale Kalemie. Mwaka 1956 njia hizi zikaungana na reli za Katanga. Basi mzigo wa Maniema uliweza kwenda Lubumbashi, ao kuvuka ziwa mpaka Kigoma na kufika Dar es Salaam.

Treni zilitembea kwa sababu makampuni yalikuwa na mzigo: Symétain kule Kalima, kisha SOMINKI tangu 1976. Bei ya kasiterite ilipoanguka dunia nzima mwaka 1985, SOMINKI ikaanza kufa, na reli ikakosa mzigo wake mkubwa. Vita ya 1998 ikakata njia kabisa. Treni ilirudi Kindu 2004. Tuelewe vizuri: reli hii haikuwekwa juu ya raia. Ilitembea siku bwana alipokuwa na mzigo.

Sasa tupige hesabu. Negosia wa Kasongo hatungi bei mwenyewe. Bei inatoka London. Toka pale kila mtu anakata fungu lake: mwenye kuyeyusha, mwenye kusafirisha, takisi, etiketi za mifuko, faida ya comptoir, faida ya negosia. Kinachobaki ndicho cha mchimbaji. Yeye ni wa mwisho, hana wa kumkata. Barabara ikiharibika ao kivuko kikisimama, gharama inateremka mpaka ndani ya shimo. Na barabara ile ile ndiyo inaleta chumvi, sabuni na dawa. Baba anapunguziwa kwenye mzani, mama anaongezewa sokoni. Nyumba moja inalipa mara mbili.

Tangu mwaka 2025 jambo hili limekuwa kali zaidi. Goma ilianguka mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. Soko letu lilizoea kutazama Kivu, kwa barabara na kwa ndege. Sasa tunalazimika kutazama kusini: Kongolo, Kalemie, Lubumbashi. Na kusini ndiko reli inakoelekea.

Wakubwa nao wanatazama wapi? Lobito. Rais Biden wa Marekani alifika kule mwenyewe, mwezi wa kumi na mbili 2024, juu ya reli ya kutolea shaba na kobalti ya Katanga. Hatuna wivu. Pesa ya reli inafuata mzigo mkubwa unaojulikana. Kasiterite yetu inatoka kwa mifuko midogo, kila mtu peke yake, na hakuna anayeihesabu kama mzigo wa reli. Hapo kosa ni letu pia. Kooperative zikikusanya mzigo pamoja, tutaweza kuuliza vagoni kwa sauti ya watu wenye mali, si ya waombaji.

Wengine wanauliza: na vijana wa pikipiki watakula nini? Swali ni la haki. Lakini treni inapita Samba; haiji Kabambare. Toka Samba mpaka mashimo kazi ni yao, na mzigo ukiongezeka, kazi inaongezeka.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, treni iwe na siku inayotangazwa, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Mwenye mzigo hawezi kungoja pasipo kujua. Pili, vagoni moja iachwe kwa mizigo ya watu wadogo. Tatu, barabara ya Kasongo mpaka Samba itengenezwe, na kivuko cha Lualaba kisikose mafuta. Pasipo hivyo, hata treni ya kila siku haitatusaidia.

Pesa itoke wapi? Sheria ya madini ya 2018 inapeleka asilimia 25 ya redevansi kwa jimbo, na 15 kwa sekta na shefri ambako kampuni inachimba. Ndugu, mkikaa kwenye mkutano wa shefri, ulizeni bila matusi: ile 15 imefika? Na imeweka jiwe gani kwenye barabara? Mwandike jibu, na jina la aliyelitoa.