Baba, Simba na Tezi Dume

Familia yetu inawashukuru wanajumuiya wote mliofika msibani, mliopika, mliochanga na mliokesha nasi. Baba amezikwa hapa hapa Birmingham, kama alivyousia. Alitaka fedha za kusafirisha maiti ziwasomeshe wajukuu. Kwa kuwa wengi wenu mlimjua kupitia mpira, tahariri hii itaanzia kwenye mpira.

Alizaliwa Tanga, lakini moyo wake ulihamia Msimbazi, kwa Simba, mapema. Hata Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, alishangilia kwa adabu tu, kama mtu aliyealikwa harusi ya jirani. Ile mechi ya 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akapachika matatu peke yake, aliisimulia bao kwa bao, na kila alivyozidi kuzeeka ndivyo mabao yalivyozidi kuwa mazuri. Mwaka 2003 Simba ilipokwenda Cairo kuwavua Zamalek ubingwa wa Afrika, alinunua kadi ya simu, akampigia mdogo wake Tanga na kumwambia aiweke simu kando ya redio. Mchezo ukafika kwenye penati. Mama alikuwa akiomba mpira uishe, Baba akiomba salio lisiishe.

Wala haikuwa soka peke yake. Watoto wa hapa waliomtajia Mo Farah walikalishwa chini wakasomeshwa habari za Filbert Bayi, aliyeongoza mbio za mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 tangu mwanzo hadi utepe, akavunja rekodi ya dunia.

Sasa niseme lililonikalia moyoni. Mtu huyu aliyeweza kuuchambua mpira hadi alfajiri hakuwahi kumwambia yeyote kwamba usiku halali kwa kwenda msalani, wala kwamba mkojo unamsumbua. Novemba 2023 Yanga ilipoifunga Simba 5-1, aliacha kuja barazani. Utani ukamiminika kwenye simu yake: Mzee kajificha, Mzee anaugulia tano. (Mhariri huyu ni Mwananchi, yaani wa Yanga, na hakubaki nyuma.) Kumbe alikuwa akiugulia mgongo. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika kwenye mifupa.

Hapa Uingereza, mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne hupata saratani hii maishani mwake. Kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Hesabuni viti vya ukumbi wetu siku ya mechi ya watani, Simba na Yanga. Mwanzoni ugonjwa huu mara nyingi hauonyeshi dalili yoyote, kwa hiyo kusubiri maumivu ni kuchelewa. Kuamka usiku nako si lazima iwe saratani. Tezi huvimba tu kwa umri, lakini ni daktari wa kulisema hilo, si sisi barazani.

Tatizo jingine ni barua. Kifaa cha kupima saratani ya utumbo huletwa nyumbani kwa posta ukifikisha umri. Cha tezi dume hakiletwi, wala huitwi. Mwenye miaka 50 na kuendelea ana haki ya kuomba kipimo cha damu cha PSA bila malipo, baada ya kuelezwa faida na kasoro zake, maana kipimo hicho hukosea pia: kinaweza kupanda kwa sababu ya maambukizi, au kikashindwa kuiona saratani iliyopo. Shirika la Prostate Cancer UK linawashauri wanaume weusi, na wale ambao baba au kaka ameugua, waanze kuzungumza na daktari wakiwa na miaka 45. Na kwa wale wanaoogopa kidole cha daktari, kwa kuwa najua ndicho kinachowakimbiza wengi: kinachoanza ni sindano ya mkononi, na majibu yakitia shaka hufuata picha ya MRI.

Akina mama mnalisemea hili kila siku na mnaambiwa haya ni mambo ya wanaume. Basi wanaume tuyaseme. Siku ya mechi ijayo ya watani, tukutane ukumbini saa moja kabla ya mpira, wanaume watupu, tuongee. Na mliokwisha kufikisha miaka 45, msisubiri siku hiyo: pigeni simu kwa GP wiki hii mwombe kuzungumza kuhusu PSA, watu wa Msimbazi na wa Jangwani pia.