Cheti cha Dubai, Darasa la Kibiti: Staa, Bunduki Siyo Kiki!

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ambaye wiki hizi haongelei muziki tena. Alienda zake Dubai kula bata, akaingia kwenye ukumbi wa kulenga shabaha wa watalii, akavalishwa miwani na vifaa vya kuziba masikio, akapiga risasi zake chache kwenye karatasi. Wakamtolea cheti cha kumbukumbu, kile ambacho hata bibi harusi aliyeenda fungate anapewa. Kutua Bongo, bio ya Insta imebadilika. Zamani ilikuwa "msanii, mjasiriamali, balozi". Sasa hivi ni "mkufunzi wa silaha aliyethibitishwa".

Emoji za moto kama zote. Mashabiki wanamwita Komando.

Mpaka hapo unaweza kusema ni ujinga wa kawaida wa mjini, mbona wengine wanajiita madokta na hawajawahi kushika chaki. Tatizo ni kwamba timu yake haikuishia hapo. Imetangaza kambi ya mafunzo ya silaha ya siku 2. Kiingilio unatuma kwa simu, ukimaliza unapewa cheti, fulana na picha na staa. Na kambi yenyewe itapigwa wapi? Kibiti. Eti kule kuna vaibu la pori, na wana wa kule ni wagumu.

Vaibu la pori. Kibiti. Aisee.

Tuanze na wale ambao 2017 walikuwa darasa la tano na leo wanakomenti "twende Kibiti". Tarehe 13 Aprili 2017, polisi 8 waliuawa kwa kushambuliwa kwa kushtukizwa eneo la Mkengeni, Kibiti, wakiwa kwenye gari wanarudi kutoka kazini. Silaha zao zikabebwa. Kabla na baada ya hapo walikuwa wanauawa wenyeviti wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, watendaji, watu wa kawaida, mmoja hapa, mwingine kule. Serikali ikaanzisha Kanda Maalum ya Kipolisi Rufiji. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku. Mtu ambaye mkate wake ni pikipiki, jua likizama anaiegesha na kukaa ndani na watoto. Novemba 21 mwaka huohuo, Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyekuwa anaripoti mauaji hayo, akatoweka. Hajarudi.

Hiyo ndiyo Kibiti unayoitafutia vaibu. Ukitoka Dar kwa barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga, unafika Jaribu Mpakani, Bungu, halafu Kibiti mjini. Kuna mikorosho, kuna minazi, kuna akina mama wanauza embe na korosho pembeni ya lami. Ukikata kuelekea Nyamisati unakuta boti za Mafia na mikoko ya delta. Watu wako poa, wakarimu. Ila kuna kizazi kizima pale ambacho mlio wa "paa!" usiku hakiuiti fataki. Kinazima taa kwanza, maswali baadaye.

Sasa wewe unaenda kupiga kambi ya bunduki kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba zao ili upate klipu ya sekunde 30. Ulimuuliza nani?

Na ukanda huu ulishalipia somo la risasi zamani sana. Mwaka 1905, Ngarambe kulekule Rufiji, Kinjekitile Ngwale aliwapa watu maji na imani kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Watu walikuwa na sababu ya kupigana, walikuwa wamechoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu na kodi juu yake. Kinjekitile akanyongwa Mohoro, Agosti 4, 1905. Risasi hazikugeuka maji. Wale wazee wanaheshimiwa mpaka leo maana walipigania nchi. Huyu wa kwetu anapigania viyuu. Anawaambia vijana kitu kilekile, kwamba kuna kinga. Maji yake ni karatasi ya Dubai.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Mkufunzi wa silaha ni nani?

Siyo mtu anayejua kupiga. Kupiga hata mtoto anaweza, ndiyo maana inatisha. Mkufunzi ni mtu ambaye kazi yake kubwa ni kuzuia. Anasimama nyuma ya watu kumi wenye vyuma mkononi, wengine wanatetemeka, wengine wanajifanya wagumu, na anatakiwa aone kidole cha nani kimeingia kwenye kifyatulio kabla ya muda. Renji nzima inaamka na kulala kwa sauti yake. Akisema "acha", hakuna mjadala.

Kanuni za msingi ni chache, na duniani kote zinafanana. Kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi mpaka umehakikisha kwa macho na vidole. Mdomo wa bunduki usiuelekeze kwa kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Na ujue kilichopo nyuma ya shabaha.

Sasa fungua ile video ya staa wetu. Sekunde ya 4, bastola imeelekezwa kwa kamera, yaani kwa kijana aliyeishika kamera. Sekunde ya 9, kidole kiko ndani ya kifyatulio huku anacheka na dada aliyekaa kwenye boneti. Sekunde ya 15, anachomoa magazini na kutamba kwamba sasa iko tupu. Kaka, ukichomoa magazini, risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba. Watu wamekufa kwa hiyo moja. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza wa mgambo angepigishwa kichurachura mpaka ajutie. Mkufunzi aliyethibitishwa amepata laiki.

Na ile ya nne, ya kilichopo nyuma ya shabaha, ndiyo inayoihusu Kibiti moja kwa moja. Risasi ya SMG inaruka zaidi ya kilomita 1. Haisimami kwenye kopo ulilolenga. Renji ya kweli ina tuta kubwa la udongo nyuma, ina bendera, ina watu wa kuzuia wapita njia, ina mtu anayejua kuziba damu na gari la kukimbiza majeruhi. Kibiti pori unaloliona kwenye droni siyo pori, ni shamba la mtu. Msimu wa korosho kuna watu chini ya kila mkorosho, wameinama, wanaokota. Nyuma ya kopo lako kuna mama wa mtu.

Kuna watakaosema hizi ni picha tu, risasi za bandia, mnakuza mambo. Haya, twende Hollywood mnakokupenda. Machi 31, 1993, Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, alikufa baada ya kupigwa akiigiza The Crow. Bunduki ilikuwa na baruti ya maigizo tu, lakini kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu na hakuna aliyekagua. Oktoba 21, 2021, New Mexico, kwenye filamu ya Rust, muigizaji aliambiwa bunduki iko salama. Ilikuwa na risasi ya kweli. Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu, mke na mama wa mtoto, akafa.

Na sikiliza nani alifungwa. Kesi ya muigizaji ilifutwa Julai 2024. Aliyekutwa na hatia ni Hannah Gutierrez-Reed, mtunza silaha wa ile filamu, binti wa miaka 24 siku tukio linatokea. Alipewa miezi 18. Kwa nini yeye? Kwa sababu ndiye aliyebeba cheo cha kujua. Ukijiita mkufunzi, ndicho unachojibebesha. Kijana wa Bungu akijipiga mguu kwenye kambi yako, hakuna atakayemuuliza mpiga droni.

Tuje sheria ya hapa nyumbani. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki tu bunduki kwa halali ni safari. Maombi yanaanzia serikali ya kijiji au mtaa, watu wanaokujua ulevi wako na hasira zako, ndipo yapande kata, polisi wilaya na juu zaidi. Unatakiwa cheti cha umahiri kinachoonesha unaweza kuitumia na kuitunza. Na hicho bado ni cha kumiliki, siyo cha kufundisha. Cha utalii cha Dubai hakimo kabisa kwenye mlolongo huo. Ni kama kupanda punda Zanzibar ukarudi kujiita rubani.

Hapa ndipo kijana wa Kibiti anapoumizwa. Staa akikamatwa ana wakili, ana meneja, ana mashabiki wa kulia Insta. Dogo wa Jaribu Mpakani aliyelipa kiingilio, akaazima gobore la mjomba lisilo na leseni ili "afanye mazoezi nyumbani", huyo hana mtu. Kukutwa na silaha kinyume cha sheria ni jinai, na inaweza kuingia kwenye uhujumu uchumi, zile kesi ambazo dhamana yake siyo ya kumwita mwenyekiti wa mtaa kituoni. Na kwa historia ya wilaya ile, unadhani dogo akikutwa na chuma usiku atapewa nafasi ya kueleza kwamba alikuwa kwenye kambi ya staa?

Tuwe wakweli pia, kuna upande wa pili. Vijana hawalipi kiingilio kwa sababu ni wajinga. Wanalipa kwa sababu ajira hakuna, na kampuni za ulinzi zinaajiri. Mkulima wa delta analala shambani akilinda mpunga na viboko na nguruwe pori, anajua bunduki ni kifaa cha kazi. Msanii wa kike anayefuatwa na watu mpaka getini ana haki ya kuwaza usalama wake. Hizo hoja zina uzito. Ndiyo maana zinatakiwa mwalimu wa kweli, siyo mwigizaji.

Na walimu wapo. Wapo kwenye jeshi, kwenye vyuo vya polisi kama Moshi na Kurasini, kwenye Chuo cha Pasiansi Mwanza wanakonolewa askari wa wanyamapori. Wapo mpaka wilayani, kwenye mafunzo ya mgambo, ambayo ni miezi, siyo siku. Kijana anakimbia alfajiri, anajifunza ukakamavu, anajifunza sheria, anafungua na kufunga silaha mpaka anaweza gizani, na risasi hapewi siku ya kwanza. Wengi wanaomaliza ndio hao kampuni za ulinzi zinawachukua. Akitaka kuwa mkufunzi, inabidi kwanza awe mwanafunzi kwa miaka, avumilie kufokewa, aaminiwe, ndipo awekwe nyuma ya wenzake.

Kila wilaya ina mzee wa aina hiyo, amestaafu, anaitwa "Afande" mpaka msikitini. Hana Insta. Muulize alishapiga risasi ngapi, atabadilisha mada. Muulize ni wanafunzi wangapi walitoka renji yake wazima, atakwambia: wote, mwanangu. Hicho ndicho cheti.

Sasa staa wetu, jina bado kapuni, una njia mbili. Ya kwanza, futa lile neno kwenye bio, rudisha hela za watu, na kama unaipenda Kibiti kweli, nenda kapige shoo pale mjini, waajiri bodaboda wa pale kukubebea vyombo, nunua korosho bila kuomba punguzo. Wale watu wana haki ya kuwa na usiku wenye muziki. Ya pili, kama kweli moyo wako uko kwenye kufundisha, kaombe mafunzo, uvae buti, ukimbizwe, ufokewe na koplo asiyejua nyimbo zako. Urudi baada ya miaka. Tutakupigia saluti wenyewe.

Njia ya tatu ni kuendelea na mapozi, mpaka siku chemba isipokuwa tupu.

Nanyi mnaotupa emoji za moto, jiulizeni ni mdogo wa nani mnamchochea. Mlioko Kibiti, Ikwiriri, Mkuranga, nyie ndio wenye nyumba. Huyu jamaa akaribishwe na kambi yake au ageuzie gari Jaribu Mpakani? Komenti ziko wazi, ila matusi yanafutwa na jina lake msilitaje.